Mwalimu Milembe Ndaki na Ngitili ya Nkoma

Baba Paroko, mkuu wa shule na walimu mliotoka Nyalikungu, ndugu wa upande wa shemeji yetu Joakim, majirani wa Nkoma na wote mlioacha pamba shambani kuja kutusitiri, mimi ni Method Ndaki, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome, ingawa wapo waliotaka isomwe na mtu asiye na hasira kama mimi, nikawaahidi kwamba nitasoma kwa sauti ya chini, na ndivyo nitakavyojaribu.

Marehemu Milembe Klementina Ndaki alizaliwa hapa hapa Nkoma tarehe 9 Februari 1977, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Ndaki, ambaye ametangulia, na mama yetu Felisita, ambaye mnamwona amekaa pale mkekani, akabatizwa kigangoni mwezi wa nne mwaka huo huo. Alikuwa mtoto mbishi, tusimpambe kwa kuwa amelala, akibishana na baba kuhusu ng'ombe walishwe wapi, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kubishiwa, alikuwa akicheka tu na kumwita mayu, kama anavyoitwa mama mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, na Januari 1992 akaingia kidato cha kwanza katika sekondari ya wazazi, Bariadi mjini, akikaa kwa shangazi. Huko ndiko alikojiunga na klabu ya mazingira, na alipofika kidato cha tatu wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu siwezi kusoma habari za masomo yake na kuruka mwaka 1995. Ilikuwa miaka ya soko huria, ushirika unayumba, wanunuzi binafsi wa pamba wanaingia kila kijiji na mizani yao, na mtu aliyepunguzwa kazini leo, kesho unasikia ana shirika, ana mhuri na ana wafadhili. Mmoja wao alikuwa bwana Danford, aliyewahi kuwa karani wetu wa pamba, ambaye alifungua Shirika la Miti na Urafiki katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Bariadi, na Machi 1995 akaja shuleni na habari iliyowakosesha watoto usingizi, kwamba vijana wa Ulaya wanaojitolea watakuja kupanda miti, na mwanafunzi mmoja wa hapa atakwenda Uholanzi kwa miezi kumi kusoma elimu ya mazingira na kujitolea huko. Masharti yalikuwa mawili, mwanafunzi aandike insha, na familia yake ioneshe ekari mbili za ardhi tupu zitakazopandwa miche.

Sisi hatukuwa na ardhi tupu. Tulikuwa na ngitili, ekari nane alizozifunga babu yetu, na wageni ambao si wa huku niwaeleze kwamba ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, hakanyagi mnyama yeyote, nyasi zinasimama na miti inajiotea, mpaka kiangazi kinapokaza ndipo yanafunguliwa kwa ndama na ng'ombe wenye maziwa. Milembe alimleta Danford aione, akiamini kwamba mtu wa mazingira ataifurahia, naye akaitazama migunga ile, akafunga faili lake, akasema miti iliyojiotea haihesabiki, fomu inataka miti iliyopandwa, kwa hiyo mzee asafishe ekari mbili pawe peupe, wageni wapate pa kupanda.

Basi tukakata. Oktoba 1995, Milembe akiwa kwenye mitihani ya kidato cha nne, sisi wanaume wa nyumba hii tuliingia na mashoka kwenye ngitili ya babu, tukakata miti ili tupate mahali pa kupanda miti, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza kama tuna akili timamu. Mama aliuliza, lazima niseme ukweli, na baba akamjibu, "Nyasi zitarudi, mke wangu, lakini mayu akikosa nafasi hii hatapata nyingine." Alimpenda, na kwa kumpenda akakata.

Desemba wakaja vijana kumi na wanne waliovaa fulana za kijani, wakapanda miche kwa mistari iliyonyooka siku moja tu, wakapigwa picha na mama, na mimi, na ng'ombe, kisha wakaondoka. Juu ya vijana wale sina neno baya, maana walitoka jasho kweli, mikono iliwatoka malengelenge, na binti mmoja alilia alipomuaga mama. Kinyaa changu hakiwahusu.

Februari 1996 jina lilitoka, na halikuwa la Milembe. Aliyekwenda ni Gloria, mtoto wa dada yake Danford, aliyekuwa akisoma Mwanza na ambaye hajawahi kukanyaga Nkoma hata kwa bahati mbaya. Tulidhani labda aliandika vizuri zaidi, mpaka Agosti lilipofika gazeti dogo la shirika lenye picha ya ekari zetu mbili, jina la Gloria likiwa chini yake, na insha ya Milembe ikiwa imechapwa neno kwa neno, pamoja na ng'ombe wetu Kaseko, ambaye Gloria eti alikuwa akimkamua kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nimeishi na watu wengi, nimeona wizi wa mifugo na wizi wa pamba, lakini mtu anayeiba hadi ng'ombe wa kwenye insha ya mtoto, huyo ananitia kichefuchefu mpaka leo.

Miche ile haikuona mwaka wa pili, kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuimwagilia. Ukame ulipokuja, hatukuwa na malisho ya kutosha kufungulia ndama, wakafa kumi na mmoja, baba akawachuna mwenyewe mmoja baada ya mwingine, na tarehe 3 Juni 1999 naye akatuacha, hospitali wakiandika shinikizo la damu.

Marehemu hakukaa chini kulia. Alisoma kidato cha tano na cha sita kuanzia 1996 hadi 1998, akaendelea na stashahada ya ualimu hadi mwaka 2000, na kila likizo alikuwa akija hapa na kuingia kwenye zile ekari mbili, akipiga magoti kisiki kwa kisiki, na ndiye aliyetuonesha kwamba visiki havijafa, vinatoa machipukizi, vinachohitaji ni kuachwa. Akazungushia miiba yeye na mama, akamkatalia kila mwenye ng'ombe, na mimi nikiwemo.

Tarehe 1 Agosti 2000 aliajiriwa kuwa mwalimu wa biolojia na jiografia katika shule ya sekondari huko Nyalikungu, Maswa, kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Wanafunzi wake hakuwapa miche, aliwapa madaftari, akawaleta hapa kwa lori la pamba wakahesabu kilichoota chenyewe, wakauliza bibi zao jina la kila mmea kwa Kisukuma. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na bwana Joakim Shija, bwana mifugo wa Maswa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Goodness, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2002, na Marcelo, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 2004, ambaye ndiye huyo mnayemsikia analia.

Mwaka 2003, ngitili ikiwa imerudi, Danford naye akarudi, na wageni wapya na kibao kilichoandikwa kwamba msitu huu ni matunda ya shirika lake. Msishangae, mimi sikushangaa, nilitema mate tu. Lakini marehemu hakutema mate, aliwakaribisha wale vijana, akaingia nao ndani, akawaonesha visiki vyenye alama za mashoka yetu, akawaeleza kwa Kiingereza chake kizuri nani alikata na kwa nini, kibao kikarudi Bariadi na gari lililokileta. Mmoja wa wageni wale, mwalimu kama yeye, aliendelea kumwandikia barua, na Juni 2004 shule yake ya huko Uholanzi ikaleta nafasi ya mwanafunzi mmoja, miezi kumi, nauli na malazi juu yao, na mchaguzi awe Mwalimu Milembe peke yake.

Sasa nafika kwangu. Binti yangu Justina alikuwa kidato cha nne. Nilikwenda Nyalikungu siku ya Jumapili na debe la mchele, nikamwambia dada yangu kwamba mimi ndiye baba yake sasa, mtoto wangu ni mtoto wake, na nafasi isitoke nje ya nyumba. Akaniambia amemchagua Salu, binti wa mjane mmoja wa Ipililo, aliyekusanya majina ya mimea sitini na mitatu wakati Justina hajamaliza hata ukurasa. Nikapandisha sauti. Akasubiri nimalize, akasema, "Kaka, hata Danford alikuwa na mtoto wa dada yake." Chakula kilikuwa mezani, nikainuka bila kunawa mikono, na wanaokaa huku mnajua kuacha chakula cha dada yako ni tusi la namna gani. Sikuzungumza naye kwa miezi minane.

Novemba 2004 alianza kuvimba miguu na uso, akatibiwa Maswa, akahamishiwa hospitali ya rufaa Mwanza, ikaonekana figo zote mbili zimeshindwa. Nilifika kitandani kwake Machi, nikamnywesha uji, akanisomea barua ya Salu kutoka Uholanzi kana kwamba hakuna lililotokea kati yetu, na mimi nikaongea habari za bei ya pamba. Alifariki Jumatano tarehe 11 Mei 2005, saa kumi jioni, mume wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Maswa na Mwanza, walimu wenzake waliopokezana kukaa naye wodini, kwaya, wanawake wa Nkoma walioteka maji tangu juzi, na wanafunzi waliotembea tangu alfajiri. Wabeja sana.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika karatasi hii. Mmeliona gari lile jeupe lililosimama karibu na zizi, lina miche na vijana saba wa Ulaya wenye fulana za kijani, na Danford ameomba tukitoka kaburini awapeleke wakapande miti ya kumbukumbu ya mwalimu, na nimesikia wengi mkinong'ona kwamba mtu huyu hana haya. Ni kweli hana. Lakini hakujileta. Agosti mwaka jana, nikiwa nimenuna kwa ajili ya Justina, nilikwenda kwenye kile chumba cha nyuma ya duka, nikaomba nafasi kwa Danford, akanipa fomu, nami, Method Ndaki, nikaandika kwa mkono wangu kwamba tuna ekari mbili za ardhi tupu hapa Nkoma, ekari zile zile, zitakazosafishwa kabla ya mvua. Nikatia sahihi. Dada yangu alikuwa hai, hajaanza hata kuumwa, na mimi niliuza magoti yake ili binti yangu apande ndege, na hakuna ninachokisema juu ya Danford leo ambacho hakinihusu mimi kwanza.

Nilipokuwa namnywesha uji nilitaka kumwambia, nikashindwa, kwa hiyo namwambia sasa mbele yenu nyote. Milembe, fomu ile nimeifuta kabla ya shoka kuingia, na mama amesikia. Bwana Danford, wape vijana chakula, ni wageni wetu na hawana kosa, kisha miche irudi garini. Shemeji Joakim, kuanzia leo mwenye kauli juu ya ngitili ni wewe, na Goodness akikua, mimi nisiulizwe.

Nisamehe, mayu, na upumzike kwa amani, mimi nikiweza kupumzika au nisipoweza, wewe pumzika.