Mawe Yanayoita Watu

Wewe, ukisikia jina lako linaitwa kutoka mahali pasipo na mtu, utaitika?

Shimba aliitika. Jana mchana kweupe alisema "naam", akaingia ziwani na nguo zake hadi shingoni, wavuvi wakamvuta. Leo yuko kitandani, anaweweseka, na nafasi yake kwenye benchi la kahawa, hapo mwaloni wanaposhushia samaki, karibu na Nansio, hakuna aliyeikalia. Odeta aliwamiminia wenzake kahawa. Ng'ambo ya ghuba yalionekana yale mawe ambako kikundi cha utalii cha kijiji huwapeleka wageni. Mawe yale yana taratibu zake: anayepeleka watu hubisha hodi na kumtaja kila mmoja kwa jina, na wakitoka, huyaaga mawe kwa kuwataja kwa majina yale yale. Alfajiri, akichota maji, Odeta alikuwa ameitwa kutoka huko. Hakumwambia mtu.

— Wawekezaji hao! alisema Antoni, ambaye kwa hotuba zake walimwita Waziri. Wamefunga spika maweni. Tukihama, wanashusha hoteli. Ndiyo soko huria hilo!

— Spika ikujue jina, Waziri? alidakia Chenge, maarufu kama Redio. Wale watalii wazungu wa majuzi walikuja na tepu rekoda. Wametunasa hapa hapa tukiitana, wakaiacha pangoni mle maweni.

— Betri gani hizo, Redio? Zangu hazimalizi hata taarifa ya habari!

— Za Ulaya, bwana!

— Hata mimi nimeitwa, alisema Odeta.

Chenge alikitazama kikombe chake.

— Na mimi. Juzi.

— Mimi nilidhani ni mke wangu, alisema Antoni polepole.

Ndipo ikaja, juu ya maji yaliyotulia, sauti ya upole kama ya mtu anayemwita mwenzake aje kula:

— Antoni...

Waziri alifumbua mdomo. Odeta aliuziba kwa kiganja, akaukandamiza mpaka sauti ikapotea. Ni sisi tu, aliwaza. Mwaloni pote hapa, wanaoitwa ni watu wa benchi hili. Akamgeukia Muganyizi, kijana wa Bukoba anayewatembeza wageni, ambaye tangu aketi hajagusa kahawa yake.

— Wewe umeitwa?

— Bado, dada.

— Wale wazungu wa mwisho, uliwabishia hodi?

— Nilibisha.

— Kwa majina gani?

Muganyizi aliitazama nafasi ya Shimba.

— Majina yao yalinishinda, dada Odeta. Ulimi haupiti. Na mwenyekiti wa kikundi alishasema wageni wasisimamishwe juani. Nikataja yaliyokuwa mdomoni. Yenu.

— Na kutoka?

— Mvua ilitukuta, tukakimbilia botini. Sikuaga. Niliwaingiza ninyi, na sikumtoa hata mmoja.