Shangazi wa Ghorofa ya Nne

Ifikapo tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika Kitengo cha Utafiti wa Jamii, mwenzetu tunayemwita Shangazi anastaafu. Jina hilo hakupewa ofisini. Alipewa na akina mama wahamiaji wa yale majengo nyuma ya kiwanda cha sabuni, alikotumwa kuchunguza kwa nini hawapeleki watoto kuchanjwa.

Sisi wengine tulikwenda na maswali. Yeye alikuta nguo zimeanuliwa, akaanza kukunja. Alikunja vibaya mno. Akina mama walizikunja upya mbele yake, wakimcheka kwamba msomi mzima hajui kukunja shuka, na katika kucheka huko wakaanza kusimulia. Habari za chanjo hakuzigusa mpaka wazitaje wenyewe. Mimi, mkuu wake wakati huo, nilikuwa nikitazama saa.

Kisha surua ikaingia kwenye majengo yale. Idara ya afya ikataka awaonyeshe milango ya wanaokataa, la sivyo mradi wetu wa utafiti ufungwe. Akagoma: aliyoambiwa kwa siri yatabaki kwake. Badala yake akapanda ghorofa ya nne, kwa mama aliyekuwa akimficha mwanawe kila wauguzi wakipita. Akamweleza wazi kwamba mlango wake unatafutwa, kwamba yeye hatautaja, na kwamba mtoto wa jirani wa chini amelazwa.

Mama yule akamvuta mwanawe karibu. "Shangazi, kila mpaka tuliouvuka walimchoma mtoto sindano, wakaanza chanjo zote upya. Mimi mama yake hakuna aliyeniuliza. Nitakwenda, ila waniulize."

Wakaenda pamoja. Muuguzi akauliza, akasikiliza, akagundua mtoto amekosa chanjo moja tu, ya surua. Akachomwa hiyo, basi. Jioni ile ngazi zilijaa akina mama wenye maswali, na wiki iliyofuata foleni ya zahanati ilifika barabarani. Mradi ukapona.

Ripoti yetu ilisifiwa, nami nikaalikwa kuzungumza huku na kule. Kila nilipopanda jukwaani nilitamani ningekuwa kwenye ngazi zile pamoja naye. Sikupata kumwambia. Namwambia leo, maana pumzi zangu ni za kuazima na sitaki kuondoka duniani na neno hili moyoni.

Siku hizi mama mgeni huulizwa kwanza mtoto ameshachanjwa nini na wapi, ndipo sindano itolewe. Wauguzi vijana hudhani ilikuwa hivyo tangu zamani.

Asante, Shangazi. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua likuchoke, na Mungu akuzidishie miaka yenye afya na vicheko.