Délice Hatungimana, fundi wa pieti

Ndugu, majirani wa Kilibula, na nyinyi mliotoka Mulongwe, haya ndiyo maisha ya Délice Hatungimana, yameandikwa na nyanya yake Domitille, yanasomwa na mjomba wake Octave, naye ameombwa asiruke mstari.

Délice alizaliwa Kilibula, hapa Uvira, tarehe 14 Aprili 1991, mtoto wa tatu wa Luc Hatungimana na Noella, mwenye kilio cha kuamsha kartie nzima, mtaa wote. Alimaliza shule ya msingi mwaka 2003, akaingia sekondari upande wa umeme, ambako Kifaransa kilimpiga chini, mwaka wa nne akaukaa mara mbili, tusidanganyane mbele ya jeneza, lakini mwaka 2010 diplome alitoka nayo.

Mwaka 2012 aliweka meza ya kutengeneza radio na simu Mulongwe, mafuriko ya Aprili 2020 yakaibeba, akaweka nyingine. Tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na Onesphore Bigirimana, dereva wa pikipiki, mwanaume mtulivu, ndiyo maana ndoa ilidumu, Mungu akawapa Belyse mwaka 2017 na Donatien mwaka 2020.

Kizito Ngendakumana, kijana ambaye mikono yake haina nguvu tangu kuzaliwa, alizoea kukaa kwenye meza hiyo akitazama wenzake wakicheza mpira wa televisheni, ule wa kubonyeza, mpaka Mei 2022 Délice akafungua maneti, kile kifaa cha kuchezea, akachomelea nyaya mbili mbili penye kila kidude cha kubonyeza, akazitoa nje mpaka kwenye ubao, akafunga vidude vikubwa vya kukanyaga, vimefunikwa na mpira wa kambambili. Domitille aliuosha ubao huo kwa sabuni kwa sababu ulinuka miguu, ukafa, Délice akarudia kazi yote, akanuna siku tatu tu.

Tarehe 27 Agosti 2022, kwenye kombe la kartie la mpira huo wa televisheni, mwamuzi, mwalimu mmoja, alimkataa Kizito, akisema maneti inatoka kwa main, yaani mkono mu Kifaransa, asiyeweza kushika akae atazame. Délice, yule wa kurudia mwaka, akamjibu kwamba basi hii si maneti, iko pieti, kwa sababu mguu ni pied, na weye mwalimu utuonyeshe sheria inayokataza pieti. Watu walicheka mpaka mwalimu akakaa, Kizito akaingia, akafunga mabao matatu, akamtoa mdogo wa mwalimu. Tangu siku hiyo Délice alifikisha pieti kumi na saba, pamoja na ile ya Kizito, nyingine za kidevu, nyingine za kiwiko, zote watu wanaziita pieti.

Machi 2024 mafigo yalianza kumsumbua, akatibiwa Uvira na Bujumbura, na kitandani alimfundisha Kizito kuchomelea kwa vidole vya miguu, akimfokea kila waya ulipokaa vibaya. Alifariki Uvira, Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akaacha pieti ya kumi na nane na nyaya mbili zikining'inia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta maji na kuni, mafundi wenzake, madereva wa pikipiki, na yule mwalimu, ambaye leo amebeba viti.

Kwenye msalaba tumeandika Fundi wa Pieti. Octave alisema neno hilo haliko mu kamusi, basi analisoma leo kwa mdomo wake mwenyewe.

Zile nyaya mbili Kizito amezichomelea jana, Délice, na zinashika. Mikono yako sasa ipumzike kwa amani.