Mwalimu Chilumba na Salamu za Somoe

Tunayemzika leo, Mwalimu Reginald Alfredi Chilumba, alizaliwa tarehe 12 Mei 1948 kijijini Chiungutwa, wilayani Masasi. Wazazi wake walikuwa marehemu Alfredi na marehemu Emilia. Mimi ninayesoma haya ni Ethel, kitinda mimba wao.

Alisoma Chiungutwa, kisha Lukuledi, ambako aliifungua redio ya padri ili aone wanaosema humo wamekaa wapi. Alichapwa, lakini redio aliirudisha ikisema. Mwaka 1974 alianza kufundisha sayansi Newala, na mwaka uliofuata alifunga ndoa na Agatha, wakampata Witness, kisha Nikolao.

Biashara ilipofunguliwa na redio za mitumba zikafika Masasi, yeye na walimu wenzake waliomba leseni, wakaunda klabu ya redio ya ridhaa. Julai 1993 walifanya wikendi yao ya kwanza hewani, Kitangari. Walifunga nyaya juu ya mikorosho, wakaweka betri ya lori mezani, kazi ikiwa kuwaita wenye mitambo kama yao popote duniani. Watu wakaelewa vingine, kwamba kila mwenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma atamsalimia. Kaka hakuwasahihisha. Alipenda kusifiwa, tusidanganyane.

Jumapili alikuja Bibi Bimdogo wa palepale Kitangari, kavaa kanga mpya. Mwanawe Somoe aliolewa Mueda, na vita vya Msumbiji vilikata habari zake. Bibi alisalimia kwenye kipaza sauti, akangoja. Kaka, mwenye visikilizi masikioni, alisikia miluzi tu. Umati ukimkodolea macho, akasema, "Anasema shikamoo, mama. Ni mzima, ana watoto wawili."

Vigelegele vikapigwa. Agatha anasema siku ile mumewe hakula.

Hakuishika redio tena. Alimuulizia Somoe kwa kila aliyevuka Ruvuma, asipate kitu. Akienda Kitangari alizunguka mashambani asipite kwa Bibi. Aibu ilimla, na sisi ndugu zake tulioijua siri hiyo tuliona aibu naye. Redio ikitajwa, tulibadilisha maongezi.

Mwaka 1998 figo zilianza kumsumbua. Machi mwaka huu alimwita Bibi, akakiri mbele yetu huku analia. Bibi alimwacha amalize.

"Baba Witness, nilijua siku ileile. Somoe angeuliza habari za maji kwanza. Tulishuka naye bondeni kila siku, ndoo kichwani. Angeuliza kama bado tunashuka. Nyie watu wa Masasi hamyajui hayo. Lakini nilikuona unatoka jasho mbele za watu, nikakuonea haya. Kigelegele cha kwanza nilipiga mimi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia saa ngapi, nawe ukiniona unaingia mashambani?"

Kaka alifariki nyumbani tarehe 9 Aprili 1999. Ameacha mjane, Agatha; watoto, Witness na Nikolao; mimi mdogo wake; na Bibi Bimdogo, aliyeomba aandikwe humu kama mama, kwa kuwa Somoe hajarudi.

Makaburi ni hapa Kitangari. Jeneza litapita barabara iliyonyooka, mbele ya mlango wa Bibi. Kaburi na njia, yote aliagiza mwenyewe.

Pumzika, kaka. Haya imekwisha.