Picha ya Shaba Aliyoitafuta Mwalimu Placide

Kasongo, Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Wasifu wa marehemu, unasomwa na mdogo wake, Séraphine, kwa niaba ya familia.

Placide Muzaliwa Kitungano alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 kule Wamaza, katika eneo la Kabambare, mtoto wa pili wa marehemu Baba Kitungano. Baba yetu alichimba mawe ya bati. Aliyafunga kwenye mifuko, na mifuko ikaondoka kwa baiskeli. Placide akiwa na miaka saba aliuliza mawe yanakwenda wapi. Baba akamjibu, "Kwa wale wanajua kuyafungua." Jibu hilo lilimuudhi, na tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, halikuacha kumuudhi mpaka juzi.

Shule ya msingi alisoma Wamaza, kuanzia 1975 hadi 1981. Sekondari aliisomea hapa Kasongo, akapata diploma ya serikali mwaka 1987, kisha akaenda Lubumbashi kusoma kemia. Huko ndiko alikookota jambo lililotusumbua ukoo mzima. Alijifunza kwamba kuna chumvi zinazoyeyuka kwa moto mkali mpaka zinakuwa kama maji. Ukitia humo chumvi ya shaba na kupitisha umeme, shaba safi inajishika kwenye waya. Ila haijishiki kwa adabu. Mwanzoni inakuwa ngozi laini, halafu inaota matawi. Matawi yanavuka chungu, yanagusa upande wa pili, na kazi yote inaharibika. Ukipooza chungu na kuosha chumvi ili uyaone, yanavunjika mikononi mwako.

Placide aliamini kwamba anayejua dakika ya kuota matawi anaweza kupunguza umeme kabla, na metali ikatoka nzima. Aliamini pia kwamba leo ikiwa shaba, kesho yatakuwa madini ya kwetu, na mifuko haitaondoka tena Wamaza ikiwa imefungwa. Alimpelekea profesa wake kichupa cha kazi yake. Profesa akakitikisa, akasema, "Unaniletea unga, halafu unaniambia ulikuwa mti. Niletee picha moja ya huo mti ungali ndani ya moto, na uniandikie dakika ulipoanza kuota." Vita ya 1996 ilimkuta bila picha. Alirudi Kasongo bila shahada, na neno "shahada" likawa halitamkwi mezani kwake.

Kuanzia Septemba 1997 alifundisha kemia katika shule ya sekondari ya hapa mjini. Mliopita mikononi mwake mnajua alivyokuwa mkali. Alirusha chaki, na alikuwa na shabaha. Familia inawaombeni msamaha. Lakini wapo waliojifunza kuhesabu atomu kwa kumwogopa, na leo ni wauguzi na wahandisi.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Deborah, fundi cherehani. Walijaliwa watoto wanne. Deborah husema, "Nilijua naolewa na mwalimu. Sikujua naolewa na chungu." Chungu chenyewe kilikuwa cha kioo kinene, bapa, kimeletwa kutoka Lubumbashi ndani ya mfuko wa unga. Umeme ulitoka kwenye betri mbili za pikipiki. Makaa yalikuwa yale yale ya kupikia, kwa hiyo siku za majaribio watu wa nyumba hiyo walikula wamechelewa.

Mwaka 2006 hospitali moja ya hapa ilipata mashine ya eksirei, na fundi wake akawa Faradji, ambaye yuko nasi leo. Placide alielewa siku ile ile. Miale inapita kwenye nyama na kukwama kwenye mfupa, basi itapita kwenye chumvi na kukwama kwenye shaba. Alimwendea Faradji na chungu kifuani. Faradji alidhani ni chakula cha mgonjwa. Tangu hapo wawili hao, Mkristo wa Wamaza na Mwislamu wa Kasongo, walikuwa kama ulimi na meno, na waligombana vivyo hivyo.

Majaribio kumi na tisa yaliharibika. Jenereta ilizimika, chumvi ilinyonya unyevu ikaanza kurukaruka, filamu zikaungua kwa joto. La ishirini lilifaulu, Ijumaa tarehe 17 Juni 2011, saa tano asubuhi. Placide aliona matawi yote kwenye filamu mbichi, na penseli ikaandika dakika kwenye kona. Wakaitundika ikauke. Mwadhini akaadhini, Faradji akakimbilia swala ya Ijumaa, na Placide akaenda kumwambia Deborah. Hakuna aliyekumbuka kwamba kamba ile ilikuwa na filamu nyingine, ya kifua cha Mama Waridi wa Nyangwe. Hapa kwetu mgonjwa anaondoka na picha yake. Muuguzi aliangalia, akaona matawi, na kifua cha mtu nacho kina matawi. Akampa.

Placide aliporudi alibaki na kifua cha mama wa watu mkononi. Iliwachukua wiki mbili kujua anakaa wapi. Walikwenda Nyangwe kwa pikipiki moja, mvua ikiwanyeshea, wakamkuta Mama Waridi ameketi kibarazani ni mzima, anapaa samaki. Picha ilikuwa dirishani mahali pa kioo, nyeupe kama maji.

"Karibu, Mwalimu," Mama Waridi alisema. "Ile foto ilikuwa mubaya sana, mizizi ilijaa kifua yote. Nikasema siwezi kulala na ile kitu mu nyumba. Tukaiosha na maji ya javel, ile ya kutakatisha nguo. Sasa iko safi, na mie nimepona."

Placide hakumgombeza. Alikula samaki wake, akashukuru. Lakini njiani kurudi alimsimamisha Faradji, akashuka, akaingia porini, na Faradji anasema sauti aliyoisikia huko hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Kurudia hakukuwa rahisi. Chumvi iliisha, na ya kuagiza ilipotea njiani mara mbili. Daktari mkuu mpya alikataza moto ndani ya chumba cha eksirei, na hatuwezi kumlaumu. Kila mwaka kulikosekana kitu kimoja. Placide alizeeka akikisubiri.

Septemba 2024 alianza kukohoa. Alisema ni mvuke wa chumvi. Desemba chumvi mpya ilifika, daktari akaruhusu siku moja tu, na hospitalini ilibaki filamu moja. Tarehe 15 Januari alikwenda na chungu chake, lakini kikohozi kilimkunja mlangoni, na daktari akaagiza filamu hiyo itumike kupiga picha ya kifua chake.

"Kifua yangu naijua," Placide alisema. "Shaba ndiyo siijui."

"Kaka, mie na wewe tuko ndugu," Faradji akamjibu. "Lakini leo utavua shati."

Picha ilitoka safi. Placide aliishika kwenye mwanga, akaona uvimbe kwenye mapafu, akasema tu, "Munaona? Mashini iko inaweza." Hakumsemesha Faradji kwa siku nne.

Paketi mpya ya filamu ilifika Ijumaa tarehe 7 Februari, wakati hawezi tena kusimama. Kesho yake Faradji alikuja nyumbani kuchukua chungu. Deborah akajifunga kitenge akamfuata, kwa sababu hatua zote alizijua, alizisikia miaka ishirini na tano. Deborah aliwasha makaa, akayeyusha chumvi, akaunga betri. Faradji akapiga. Saa kumi jioni walimletea Placide filamu ikiwa bado inachuruzika maji.

Tulimwinua kwa mito. Aliitazama muda mrefu. Mti wa shaba ulikuwa pale mzima, kila tawi. Akaweka kidole pale tawi la kwanza linapoachana na waya, akatabasamu, nasi tukaanza kulia kwa furaha.

"Dakika ya ngapi?" akauliza.

Deborah akamtazama Faradji. Faradji akamtazama Deborah. Hakuna aliyeangalia saa.

Placide alifumba macho. Alikasirika, tuliona. Halafu akatafuta mkono wa mke wake, akasema, "Haizuru. Tutarudilia kesho."

Alifariki kesho yake alfajiri, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 55.

Ameacha mjane, Deborah, watoto wanne, Josué, Clarisse, Amani na Kitungano, wajukuu wawili, mdogo wake Séraphine, na Faradji, ambaye tumemwandika hapa kati ya ndugu kwa sababu ndiko alikokuwa. Picha ya shaba imechapwa nyuma ya kijitabu hiki cha mazishi. Mahali pa dakika tumepaacha wazi.

Mungu ampe pumziko ambalo kwetu hakulipata. Alale kwa amani, na asitukasirikie.