Spès Mukabalisa na Kadi ya Saba

Ijumaa, tarehe 30 Desemba 1994, Spès Mukabalisa anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja kwenye mashine ya kuchapa ya ofisi yetu ya vijitabu vya elimu ya watu wazima, hapa Kigali. Nimepewa kazi ya kumwandika mimi niliyemjua miezi minne tu, kwa sababu waliomjua zaidi hawapo. Katika watu saba wa sehemu yake wamerudi wawili, yeye na Eustache wa mashine ya kudurufu. Tumechoka sote, na Eustache hapendi kuandika.

Kilichompa jina ni vile vijitabu vya kuchagua njia, vilivyoanza mwaka 1990. Msomaji anaandika jina lake ukurasa wa kwanza, kisha anaamua mwenyewe: ukienda kisimani, fungua ukurasa wa 12, ukibaki na mtoto, fungua wa 20. Njia ni nyingi lakini mambo yanajirudia, na Spès hakuwa mtu wa kutunga kitu kilekile mara kumi na nne. Kila kipande alikiandika mara moja kwenye kadi, akaipa namba, akaacha nafasi tupu ya jina. Kwenye mswada aliweka namba tu. Ukisahihisha kadi, umesahihisha kitabu kizima.

Na ukiiharibu, hivyo hivyo. Mwaka 1992 mkubwa mmoja aliona mbuzi wa kijitabu kimoja hana heshima ya kutosha, akaagiza awe ng'ombe. Spès alibadilisha kadi moja, ile ya jina la mnyama, kama alivyoambiwa. Kijitabu kikatoka na msichana anayevuka kijito akiwa amembeba ng'ombe mgongoni, kisha anamlaza chini ya kitanda. Wasomaji waliandika kuuliza msichana huyo anakula nini. Barua zao Spès alizitunza zote, na mkubwa hakuwahi kuonyeshwa hata moja.

Baada ya mauaji ya mwaka huu, mashine zilikuwa zimebebwa. Sanduku la kadi lilimwagwa uani tu, maana nani aibe kadi? Julai Spès alikuja kwa miguu kutoka Kagarama, akaziokota moja moja, akazianika juani na kijiwe juu ya kila moja.

Septemba kuhara kulikuwa kunaua watoto, na Harriet, mkuu wetu mpya aliyekulia Uganda, akataka kijitabu cha maji ya chumvi na sukari kitoke haraka. Njia zake kumi na nne zinapita kwenye kadi ya saba: mtoto anaharisha, sukari imeisha, unabisha kwa jirani, jirani anafungua. Spès alichapa mpaka hapo kwa mashine ya kuazima, akaacha. Aprili yeye na mumewe walibisha milango mitatu ya majirani, haikufunguliwa. Mumewe aliuawa njiani. Mlango wa nne ulikuwa wa Munyakazi, fundi cherehani, na yeye alifungua.

Harriet alipendekeza kadi itolewe. Lakini ukiitoa, njia zote zinakatika na mtoto anakufa kitabuni, na pengine nyumbani pia. Spès alimjibu kwa Kiswahili chake: "Hii kadi iko ya watu yote. Siwezi kuitupa, na uongo siandiki." Ikakaa mezani wiki tatu. Vituo vya afya vilikuwa vinatuma watu kukiulizia kijitabu, nami nilimkasirikia waziwazi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu moja ya Oktoba tukaikuta imechapwa upya. Inasema: Bisha kwa jirani. Asipofungua, usikae hapo. Bisha mlango unaofuata. Imetoka hivyo mara kumi na nne, na hakuna aliyegusa hata nukta.

Mama, asante kwa kadi zote, hata ya ng'ombe. Sanduku linabaki kwetu na tutalitunza. Kapumzike Kagarama, miguu yako imestahili, na Mungu akupe miaka ya utulivu. Siku ukipita mjini, anza kubisha hapa. Tutafungua.

Mutsinzi, mhariri