Mkono Aliokuwa Akiukanda Baba

Hayat: Haloo? Sundus?

Mama: Si Sundus. Sundus yuko jikoni, simu kaiata hapa. Nani mwenzangu?

Hayat: Ni mimi, mama. Hayat. Napiga kutoka Wiyoni. Sabalkheri.

Mama: Sabalkheri, mwanangu. Mtoto hajambo? Na mumeo Harith?

Hayat: Wote wazima. Mama, mkono vipi?

Mama: Mkono upi?

Hayat: Mama.

Mama: [anashusha pumzi] Kumbe keshakufikishia. Huyu mdogo wako hawekeki jambo.

Hayat: Kaniambia umevimba mpaka vidole havikunjiki. Na una homa. Na Bi Barka alikuja jana na pembe yake na wembe, akakupiga chuku mkono mzima. Ni kweli?

Mama: Alitaka kuitoa damu mbovu.

Hayat: Ikatoka?

Mama: Kidogo. Kisha ikawa ni mai tu. Meupe, yamechuruzika kutwa. Bi Barka mwenyewe kashangaa.

Hayat: Ya Rabbi.

Mama: Ata kuniogofya. Hii ni homa ya msiba, itapita.

Hayat: Homa ya msiba haivimbishi mkono mmoja, mama. Tena ule ule wa upande uliopasuliwa wa—

Mama: Usilitaje hilo. Kuna wageni ukumbini.

Hayat: Hawanisikii mimi. Unamkumbuka yule dada wa kliniki, alivyotueleza mimi na baba baada ya upasuaji?

Mama: Mlielezwa nyinyi. Mimi nilikuwa nalia.

Hayat: Basi sikiza sasa. Damu ina mishipa yake, na ina moyo wa kuisukuma. Lakini ikipita inavujisha maji kidogo kidogo kwenye nyama. Hayo maji yana mishipa yake mingine, myembamba kama uzi, inayapandisha mpaka hapa chini ya shingo, yakaingie tena kwenye damu. [laini inakwaruza] Umenisikia?

Mama: Nakusikia na kukukosa. Sema.

Hayat: Mishipa hiyo haina moyo wake. Inajikaza yenyewe kidogo, lakini kazi kubwa unaifanya wewe. Ukitembea, ukivuta pumzi, ukiinua mkono, ndipo maji yanasogea.

Mama: Na mimi nimekaa kitako tangu babako atutoke.

Hayat: Ndiyo. Halafu njiani kuna tezi. Zile zinazofura kwenye kinena ukidungwa na mwiba mguuni, mkaziita mitoki. Kwapani ziko vile vile. Zinachuja maji, zinaua wadudu wa maradhi kabla hawajafika kwenye damu. Zako za kwapa hilo daktari alizitoa, pamoja na titi.

Mama: Kwa hivyo mai yakifika hapo—

Hayat: Njia imefungwa. Kama ule mtaro wa uchochoroni kwetu ulivyoziba, maji ya bafu yakarudi ndani kwa watu. Lazima yaelekezwe kwingine. Ndiyo maana baba alifunzwa kukukanda. Na sasa wembe umewafungulia wadudu mlango mahali pasipokuwa na wa kuwazuia.

Mama: Bi Barka hana nia mbaya.

Hayat: Sikusema anayo. Mkono ni mwekundu?

Mama: Umeiva. Unatoka moto.

Hayat: Basi ni hospitali, leo leo. Maradhi hayo yakiingia kwenye damu yanaua, mama. Nakwambia wazi.

Mama: Yakiua, kando yake kuna nafasi. Nishauliza.

Hayat: Umeuliza nini?

Mama: Kaburi. Iko nafasi.

Hayat: Usinifanyie hivyo. Nimemzika baba majuzi tu, usinifanyie hivyo. Harith keshafika huko Faza na boti, yeye na wenzake, yuko gatini anakungoja.

Mama: Niko eda, Hayat. Mjane hatoki.

Hayat: Nimemuuliza Sheikh Nabhan, kasema mgonjwa—

Mama: Hukumu hiyo naijua kabla hujazaliwa wewe. Mwenye eda hutoka kwa dharura. Usinifunze.

Hayat: Sasa kinachokuzuia ni nini?

[Laini inakwaruza.]

Hayat: Mama? Uko?

Mama: Niko.

Hayat: Nilimwonyesha Sundus namna ya kukukanda, kabla sijarudi huku. Kaniambia umemkataza. Kwa nini?

Mama: Hajaniona nilivyo hapa kifuani. Nyote hamjaniona. Ni babako tu.

Hayat: Sisi ni wanao.

Mama: Si haya peke yake. [sauti inapotea, inarudi] —kila akirudi kuswali alfajiri. Akianzia shingoni. Wala hakandamizi, kama mtu anayempangusa mtoto mchanga. Akimaliza husema, haya, mai yamekwenda kwao. Hata siku ile. Kamaliza, kasema vivyo hivyo, katoka kwenda sokoni, wakaniletea maiti.

Hayat: Mama.

Mama: Hakuna mkono uliopita hapa baada ya wake. Nimeona uchungu upite mwingine. Huo ndio ukweli, si eda.

Hayat: [analia] Mbona hukuniambia?

Mama: Ningekwambia vipi, na wewe una kichanga. Nyamaza, maziwa yatakukauka.

Hayat: Basi nisikize na wewe. Leo hakuna atakayeukanda. Mkono ukishawaka moto hivyo haukandwi, ukikandwa unasambaza maradhi. Ni dawa ya sindano kwanza mpaka homa ishuke. Yule dada alisema, na baba akamrudisha nyuma aseme tena, ili asije akakosea.

Mama: Hata angekuwapo mwenyewe?

Hayat: Hata angekuwapo. Asingeugusa leo. Angekubeba mbio mpaka gatini.

Mama: Angenibeba.

Hayat: Na kelele juu. Mji mzima ungejua.

Mama: [anacheka kidogo, kisha analia] Na Bi Barka asingeingia mlangoni na wembe wake.

Hayat: Asingeingia.

Mama: Nimemtamani, Hayat. Watu wanakuya, wanasoma, wanakula, wanaondoka. Mimi nimemtamani yeye.

Hayat: Najua. Hata mimi. Lakini maji ya pwani yameanza kupwa, yakiisha kupwa boti haitoki. Inuka, mama.

Mama: Mwambie Harith akuye peke yake mpaka mlangoni. Ni mkwe wangu, yeye haina neno. Hao wenzake wabaki huko huko botini.

Hayat: Nitamwambia. Usibebe kitu kwa mkono huo.

Mama: Sundus! We Sundus, niletee buibui. Yuko hapa, Hayat, anitazama kama mtu aliyekosa. Usimkaripie.

Hayat: Simkaripii. Mwambie nampenda. Vaa, salio langu linakwisha.

Mama: Navaa. [vishindo, sauti inakwenda mbali] Ngoja. Vuta huku. Polepole. [anaguna kwa maumivu] Hayat, mkono hauingii.

Hayat: Tafuta buibui jingine.

Mama: Mengine ndiyo membamba zaidi. Hili lilikuwa likinipwaya.

Hayat: Basi likateni hapo begani. Sundus achukue mkasi.

Mama: Hili kanishonea babako.

Hayat: Najua, mama.

Mama: Kwa idi iliyopita.

Hayat: Kata, mama. Mpe Sundus akate—

[Simu inakatika.]